Acha kununua shokapu, kwanza pima gari lako

Wiki iliyopita niliweka picha ya kigari changu kikiwa juu ya ubao na mizani ya kupimia uzito wa mwili, na ujumbe ukaanza kuingia. Wengi walicheka. Mmoja aliuliza swali la maana: "Kaka, hiyo mizani ya kupima kila tairi umeipata wapi na ni bei gani?"

Jibu fupi: hakuna nilichoagiza. Seti ya mizani minne ya mashindano, zile za chapa zinazojulikana, ni zaidi ya dola 1,000, na hapo hujalipia usafiri wala ushuru. Mimi nina mizani moja ya sindano ya dukani, ubao mzito, matofali, na mdogo wangu ambaye kwa bahati tunalingana uzito. Jibu refu lina uchungu kidogo, mnivumilie.

Mnaonifuata mnakijua kigari chenyewe. Chesisi ya bomba la mraba nimeichomelea mwenyewe nyuma ya nyumba hapa Morogoro, springi zake nne zina kola za kuzungusha kupandisha au kushusha, na mimi nikiwa ndani na tangi likiwa nusu, uzito wote ni kilo 600. Tangu kitembee kilikuwa na tabia mbaya. Kona ya kushoto kinagoma kuingia, kona ya kulia mkia unataka kutangulia. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi la mbele kushoto linafunga kabla ya mengine.

Nikakipeleka gereji yenye jina. Fundi alikitazama dakika mbili, akasema shokapu zimekwisha. Zilikuwa mpya, lakini nani atabishana na mtu mwenye ovaroli iliyopigwa pasi? Nikalipa, zikafungwa nyingine, tabia ikabaki ileile. Niliporudi nikauliza kama wanaweza kunipimia uzito unaokaa kwenye kila tairi. Wakacheka mpaka mmoja akaweka chini chai yake. "Unataka tulipime kama mtoto wa kliniki?" Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Basi nikalipima kama mtoto wa kliniki.

Kwanza niwaambie kwa nini mizani ya barabarani haisaidii. Ukisema mizani Tanzania, dereva anawaza Vigwaza na foleni ya malori. Ile imejengwa kwa ajili ya tani. Sisi tunatafuta kilo tano zilizohama kutoka tairi moja kwenda lingine.

Mizani ya nyumbani nayo ina kikomo, nyingi zinaishia kilo 130 au 150, na tairi langu zito lilikuwa limepita hapo. Dawa yake ni ubao. Chukua ubao mnene wa mita moja na nusu usiopinda. Ncha moja ilaze juu ya nondo iliyolala kwenye tofali, ncha nyingine juu ya nondo iliyolala kwenye mizani. Tairi likae nusu mita kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja ya uzito, tofali theluthi mbili. Unachosoma unazidisha kwa tatu. Kumbuka na kosa la mizani linazidishwa kwa tatu, kwa hiyo soma sindano ukiwa umeinama mbele yake, siyo umesimama kando. Ubao wenyewe una uzito: urudishe sindano kwenye sifuri ubao ukiwa tayari juu yake. Nimependelea sindano kwa sababu zile za kidijitali zinajizima wakati bado unahangaika na jeki.

Kuhakiki mizani ni rahisi. Jaza mchanga kwenye dumu, lipeleke kwa muuza nafaka mwenye mizani iliyogongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, andika uzito juu ya dumu kwa maka peni. Hilo sasa ndilo jiwe lako la mizani.

Sasa sehemu ambayo watu wanaiharakisha kisha wananiandikia kuwa namba zao hazieleweki. Matairi yote manne lazima yawe kwenye usawa mmoja. Narudia, usawa mmoja. Tairi moja likiwa juu kwa sentimita moja tu, kilo kadhaa zinahamia kwake na kwa mwenzake wa mshazari, na wewe utakuwa umepima sakafu yako badala ya gari. Nina mizani moja, kwa hiyo yale matairi matatu mengine nayaweka juu ya matofali na vipande vya plaiwudi hadi yalingane na ubao, halafu nahamisha mizani pembe kwa pembe. Usawa napima kwa mpira mwembamba wa maji, ule ambao fundi wa msingi anautumia. Pimamaji fupi haitoshi kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma.

Mengine ni ya kawaida. Upepo wa matairi uwe sahihi, usukani umenyooka, hendibreki imeachiwa, linki moja ya stabilaiza (ile nondo inayounganisha tairi la kushoto na la kulia) imefunguliwa ili isivute upande. Chini ya kila tairi weka vipande viwili vya plastiki ngumu vyenye grisi katikati, maana ukishusha jeki tairi linataka kuteleza kwenda nje, na likizuiwa gari linabaki limesimama juu kuliko kawaida yake. Litingishe kidogo kabla ya kusoma. Na dereva awemo ndani. Mdogo wangu alikaa humo akiangalia mpira kwenye simu huku watoto wa mtaa wakiuliza kama tunaliuza kwa kilo.

Hizi hapa namba, nikaziandika ukutani kwa chaki: mbele kushoto 128, mbele kulia 158, nyuma kushoto 172, nyuma kulia 142.

Jumlisha upande wa kushoto: 300. Upande wa kulia: 300. Betri na tangi viko kushoto, vinasawazisha dereva aliye kulia. Kwa macho gari limekaa vizuri kabisa. Lakini jumlisha kwa mshazari. Mbele kulia na nyuma kushoto ni 330, yaani asilimia 55 ya uzito wote, badala ya 50. Mshazari wa pili umebaki na 270. Gari lilikuwa kama meza inayocheza kwa sababu mguu mmoja ni mfupi, na lile tairi jepesi la mbele kushoto ndilo lililokuwa likifunga kwenye breki. Hakuna shokapu duniani inayotibu hilo.

Tiba ilikuwa kwenye kola za springi. Ukipandisha springi ya pembe moja, uzito unaongezeka pale na kwenye pembe ya mshazari wake, unapungua kwenye mbili nyingine. Nikapandisha kidogo mbele kushoto na nyuma kulia, nikashusha kiasi hichohicho zile mbili, ili kimo cha gari kisibadilike. Nikaishia, kwa mpangilio uleule, 140, 146, 160 na 154. Mshazari asilimia 51. Asilimia 50 kamili ningeipata kwa kukesha, ila nilikuwa na njaa. Jumla ya mbele na jumla ya kila upande hazikuguswa, kwani springi haziwezi kuzihamisha. Ukitaka hizo zibadilike, hamisha betri.

Kona zote mbili sasa zinafanana. Ile gereji sijarudi, ingawa napita mbele yake kila siku, na taratibu.

Vijana, mnanunua rimu, mnatoboa mofla, mnabandika stika za mashindano kwenye gari ambalo hamjui tairi lipi limebeba nini. Pima kwanza. Mtu asikuuzie kifaa kabla hajakuonyesha namba.

Kwa yule aliyeuliza na ana Vitz: ubao huohuo unatosha, ila uwe mnene zaidi, maana mbele ya gari lile ni nzito, kila tairi linaweza kukaribia kilo 300 na mizani itaonyesha karibu 100. Springi zake hazina kola, kwa hiyo hutarekebisha kwa kuzungusha. Ukiona mshazari mmoja umezidi sana, tafuta springi iliyolegea au iliyokatika mzunguko wa chini. Nitumie namba zote nne, na useme tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani.