Mzigo sikuagiza, deni ninadaiwa: nitume kidogo yaishe?

SWALI: Wakili, shikamoo. Nina duka la pembejeo hapa Uyole, Mbeya. Mwezi wa pili basi lilishusha katoni nne za busta ya majani (mbolea ya maji ya kunyunyizia), chupa 48, zimeandikwa jina langu. Sikuagiza. Kijana wangu akasaini karatasi ya kupokea. Sasa kuna mtu anapiga simu asubuhi na jioni: nadaiwa 600,000, na kwa riba na "gharama za ufuatiliaji" imefika 768,000, dalali yuko njiani. Bwana mmoja anayeandika barua karibu na mahakama kanishauri nitume laki moja ili yaishe, na barua ataniandikia kwa elfu thelathini. Nifanyeje? Na nimkate kijana mshahara? Kijana alishauza chupa sita kabla sijajua. – Mama Duka

JIBU: Marahaba, mama. Usitume hata mia.

Huu ushauri wa "tuma kidogo yaishe" nakutana nao Mwanjelwa, nakutana nao Tukuyu, juzi kauleta mzee mmoja kutoka Makambako akiwa ameshautekeleza. Hayaishi. Leo huyo anayekupigia hana oda yako, hana sahihi yako, hana meseji yako ya kuomba mzigo. Ukimtumia laki moja, muamala ule ndio unakuwa karatasi aliyokuwa hana. Ataupeleka mahakamani aseme: kama hakuniagiza, mbona alianza kulipa? Na utajibu nini? Isitoshe, malipo ya sehemu ya deni huifanya hata hesabu ya ukomo wa muda wa kudai ianze upya. Kwa laki moja umejinunulia deni.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya pande mbili, zikubaliane jambo lilelile kwa maana ileile. Mtu hawezi kukutupia katoni dukani kisha akaugeuza ukimya wako kuwa ndiyo. Sahihi ya kijana inaonyesha mzigo ulifika, basi. Haionyeshi nani aliuagiza wala kwa bei gani, na hiyo riba aliyekubaliana nayo simwoni.

Ila zile chupa sita, ambazo umenichomekea mwisho kabisa wa barua, ndizo zilizonifanya niweke kalamu chini. Ukiuza mali ya mtu umenufaika nayo, na hapo anayo haki ya kulipwa thamani yake. Kwa bei yake mwenyewe, 12,500 kwa chupa, ni 75,000. Pesa hizo usizitume kimyakimya. Andika barua: sikuagiza mzigo huu, kama una oda yangu nionyeshe, chupa sita ziliuzwa kimakosa na niko tayari kulipia hizo tu, 42 zipo, njoo uzichukue kwa gharama zako kabla ya tarehe fulani. Barua ipokelewe kwa sahihi, nawe ubaki na nakala. Katoni ziweke stoo juu ya chaga, zipige picha, na kijana asiziguse tena. Halafu soma lebo. Kama mbolea hiyo haijasajiliwa na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, mkaguzi akiingia dukani atakayehojiwa ni wewe, si sauti ya kwenye simu.

Dalali? Dalali wa mahakama hatoki nyumbani kwake kwa sababu mtu kampigia. Anatoka kwa amri ya mahakama, na amri hiyo inakuja baada ya kesi, hukumu na maombi ya kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe. Hata kufungwa kama mfungwa wa madai, yaani kwa kutolipa deni, ambako kweli kupo kisheria, hupitia kwa hakimu. Atakayekuja na pikapu bila amri, akachukua jokofu lako, huyo mpeleke polisi.

Sasa huyo bwana wa elfu thelathini. Vishoka hawa, wanaojifanya mawakili, wamenichosha. Nimewahi kuletewa "notisi ya madai" yenye mihuri mitatu ya zambarau, mmoja umegongwa kichwa chini, na ndani yake kishoka amemwandikia mteja wake mwenyewe kwamba "anakiri deni lote na kuomba muda". Mama wa watu kasaini bila kusoma. Kesi ambayo ningeimaliza kwa barua ya kurasa moja na nusu ikawa ya kubembeleza awamu za malipo. Wakili ana namba ya uwakili na leseni ya mwaka husika. Mwombe, kisha mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Anayekasirika ukimuuliza namba, ondoka na pesa yako. Kama wakili ni ghali, wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, na hao huduma yao ni bure.

Karatasi moja tu usiipuuze: hati ya wito ya mahakama. Vishoka huwaambia watu "usiende, hawana ushahidi". Usipokwenda, shauri linasikilizwa upande mmoja, na asiye na ushahidi anaondoka na hukumu mkononi. Ukiitilia shaka, ichukue hadi masjala ya mahakama iliyotajwa, waulize namba ya shauri.

Kijana usimkate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka umwandikie kosa na kiasi, umpe nafasi ya kujitetea, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara wake. Na sijui ungemkata kwa hasara ipi: fedha ya zile chupa sita si aliiingiza kwenye droo yako?