Mwanangu, poda paka, ile krimu ya kikopo tupa

Mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza nikiwa na mteja kwenye kiti ndo maana sikujibu palepale, alafu nikaona bora niandike tu, maana umeuliza mengi na voisi zangu mama yako anasema hazieleweki, mashine inanguruma mpaka mwisho. Yani nimekuelewa hivi: tangu wakupeleke kusoma taarifa ya habari wanakupaka faundesheni na poda kabla hujaingia hewani, na we umeipenda, unataka kununua ya kwako uwe unapaka hata kwenye mikutano ya kazi sababu ya vile vipele vya kidevuni. Baba mkubwa wako kaona picha kasema umeanza mambo ya kike. Na kuna mwenzio kazini kakupa krimu ya kwenye kikopo ya "kutakatisha" vipele. Unataka kujua mi kama baba na kama kinyozi nasemaje.

Poda paka. Krimu ya kikopo tupa. Hayo ndo majibu, mengine yote ni maelezo.

Tuanze na poda maana hiyo ni fupi. Taa za studio ni kali, uso unatoa mafuta na jasho, kamera inaona unameta tu, poda inaua ule mng'ao basi. Ni kifaa cha kazi, sawa na ile maiki ya kubana kwenye tai. We mwenyewe ulisoma habari za Nixon na Kennedy, ule mdahalo wa Septemba 26, 1960 kule Chicago, Nixon katoka hospitali muda si mrefu na goti, kakonda, akakataa mpakaji wa studio, wakampaka kitu cha juujuu tu cha kuficha ndevu, jasho likamtoka mbele ya watu kama milioni 70. Wanaume wale walikuwa wanagombea urais wa Marekani na hamna aliyewauliza kama ni wanawake.

Sa baba mkubwa wako namheshimu ni kaka yangu, lakini mwambie mi nimesema aangalie ndevu zake mwenyewe kwanza. Zile ndevu nyeusi tiii kwa umri ule zinatoka wapi kama sio piko? Nampaka mimi, kila mwezi, mlango umefungwa. Na tena piko ndo ya kuogopa kuliko poda yako, ile dawa inayoleta weusi ikimkataa mtu uso unavimba mpaka macho yanafumba, ndo maana mteja mpya namjaribishia kidogo nyuma ya sikio na kumwambia arudi baada ya siku mbili. Wanaume wa pwani wamepaka wanja toka enzi, nenda Oman leo utamkuta mzee wa heshima zake na kanzu yake na wanja machoni (ila wanja mwingine una madini ya risasi ndani, usinunue wa kupimiwa barabarani). Morani wa Kimasai anajipaka udongo mwekundu na mafuta mpaka nywele. Kwaiyo swala la mwanaume kujipaka usoni mi halininyimi usingizi hata kidogo, kila mtu anajipaka chake alafu anamcheka mwenzie.

Kinachoninyima usingizi ni kile kikopo.

Umesema hakina lebo, na vipele vimekauka kwa siku tatu na uso umeanza kuwa mweupe. Mwanangu hiyo namba naijua, vijana wananijia nayo hapa saluni wakidhani wamepata muujiza. Kitu kinachokausha kipele haraka hivo na kutakatisha kwa pamoja mara nyingi ni stiroidi, zile kali kama klobetasoli, imechanganywa na vya kutakatisha, haidrokwinoni au zebaki. Ni mkorogo tu umebadilishwa jina kwa ajili ya wanaume. Stiroidi inatuliza wekundu sababu inazima kinga ya ngozi, alafu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi mpya zinatoka, na siku ukiacha uso unalipuka kuliko mwanzo, unarudi kwenye kikopo, ndo biashara yenyewe hiyo. Haidrokwinoni ukiipaka muda mrefu inakugeuka, yale mabaka ya rangi ya bluu na nyeusi mashavuni ambayo hayatoki. Zebaki inaingia mwilini inakula figo, na haibaki kwako tu, taulo mnalotumia pamoja, mtoto anayekulalia begani, wote wanapata. Vyote hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania miaka mingi, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, tangu 2019 kazi ya vipodozi iko TBS, shirika la viwango, lakini marufuku haifungi kila mkoba wa mfanyakazi mwenzio. Kama umepaka siku chache tu acha leo. Kama ni wiki nyingi na hujaniambia, usiache kimyakimya, nenda kwa daktari wa ngozi na hicho kikopo mkononi akupangie namna ya kuacha.

Sasa vipele vyenyewe, maana hapa ndo fani yangu.

Nywele zetu zimejikunja. Ukikata ndevu chini kabisa ncha inabaki kali, inapoota inapinda inarudi kuchoma ngozi, mwili unaiona ni adui unapigana nayo, kinatoka kipele, kikipona kinaacha doa jeusi. Zile reza zenye makali matatu mpaka matano ndo mbaya zaidi, kali la kwanza linaivuta nywele, la nyuma yake linaikata, inarudi chini ya usawa wa ngozi, sasa inachomea ndani kwa ndani bila hata kutoka nje. We unadhani umenyoa vizuri maana kidevu kimeteleza, kumbe umepanda vipele vya wiki ijayo. Mi nikiona mteja anapapasa shavu anasema "bado, rudia tena" najua huyu atarudi analalamika.

Kwaiyo ukiweza ongea na wakubwa wako wakuache ufuge kwa wiki nne hivi, siku hizi watangazaji wengi wana ndevu fupi na habari zinasomeka. Nywele zikishatoka nje vipele vingi vinajifia vyenyewe. Ukirudi kunyoa, mashine, iachie kama milimita moja, usitafute ngozi. Kama lazima wembe basi wa kali moja, mpya, baada ya kuoga na maji ya uvuguvugu, fuata nywele zinakolala na usivute ngozi na vidole. Shingoni nywele hazilali upande mmoja, papasa na kiganja kwanza ujue. Nywele ukiiona imejikunja juu ya ngozi inyanyue na sindano uliyoifuta na spiriti, inyanyue tu, usiing'oe, ukiing'oa inakuja tena kutokea chini na hasira. Na kisogoni usikubali wakupige ziro, wewe una damu ya kwa mama yako, wajomba zako wawili wana yale makovu manene ya kisogo na yalianza na vipele vidogo vya saluni.

Famasi ulizia ya asidi ya salisiliki asilimia 2, unapaka usiku, inafungua vinyweleo. Ya benzoili peroksaidi pia inafaa ila inachuja rangi ya taulo na kola za mashati, usije ukamlaumu dobi. Mafuta ya nazi bibi yako atakwambia ni dawa ya kila kitu, ya mwilini sawa, uso wenye chunusi unaziba. Na sanskrini, krimu ya kuzuia jua, hiyo wanaume hatupaki kabisa wakati madoa meusi jua ndo linayakoleza, tafuta SPF 30 au zaidi. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza ya kwao kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, Kilisun, kwaiyo usifikiri ni kitu cha watalii.

Haya, faundesheni. Binti wa saluni ya jirani ndo kanielimisha, mi nakufikishia tu. Faundesheni inaficha rangi ya doa, haifichi kimo cha kipele. Taa ikitokea pembeni kipele kinaonekana vilevile na sasa kimepakwa. Ndo maana nimeanza na kunyoa. Rangi ijaribie kwenye taya, sio mgongoni mwa mkono, toka nje ya duka uangalie kwenye mwanga wa mchana na usubiri kidogo maana nyingine zinakolea zikikauka. Ikikosea unatoka rangi ya majivu, shingo ya kwako uso wa mtu mwingine. Zamani makampuni mengi weusi wetu walikuwa hawaufikii, Rihanna alipoleta Fenty Beauty 2017 na rangi 40 ndo wengi wakashtuka, ila angalia feki. Ile poda isiyo na rangi paka kidogo sana, nyingine zikipigwa fleshi zinatoka nyeupe kwenye picha. Usiku toa vyote na kitoleo cha vipodozi, alafu sabuni laini, sio sabuni ya mche. Usilale nayo.

Na sponji. Hapa sikuombi nakwambia. Mi sinyoi watu wawili na wembe mmoja, sasa iweje mwanangu apakwe na sponji iliyotoka kwenye uso wa msoma michezo? Vipele vya usaha, mapunye, vyote vinasafiri. Nunua sponji yako na brashi yako, vioshe na sabuni vikauke, weka kwenye begi, mpe mpakaji akupake na vya kwako. Akinuna anune.

Nitumie picha ya kidevu na ya kisogo, zipigwe mchana karibu na dirisha, bila filta, na hicho kikopo kipige pande zote kabla hujakitupa, nataka kumwonyesha daktari mmoja mteja wangu.

Baba yako.