Panda treni peke yako, na usiwe na haraka ya kufika

Huku Arusha nikimwambia mtu naenda Dar na treni swali la kwanza ni kwani mabasi yameisha? Namuelewa kabisa, basi ukipanda alfajiri jioni upo Dar ushaoga unasubiri msosi, wakati treni unalala humo humo ndani. Ila mimi treni sipandi ili niwahi, napanda kwa ajili ya safari yenyewe, na nikiamua hivyo naenda peke yangu. Kama wewe ni mtu wa kazi kutwa nzima, simu haikauki mkononi na hujui mara ya mwisho ulikaa saa moja bila kudaiwa kitu na mtu, hii post ni yako.

Kwanza tujue tuna bahati jamani. Hii reli Mjerumani alianza kuijenga pale Tanga 1893, ikafika Moshi kabla ya vita kuu ya kwanza, sisi Arusha tukaipata 1929. Baadae treni ya abiria ikapotea miaka mingi, yaani kuna watu wamezaliwa hapa wamekua wameoa hawajawahi kuona abiria anashuka na begi pale stesheni, mpaka ikarudi Moshi mwishoni mwa 2019 na huku kwetu 2020. Kitu tulikikosa zaidi ya miaka 20, kimerudi, halafu tunakipita na bodaboda kila siku hatuna habari nacho, inaniuma kwakweli.

Haya, siti. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Ukishuka kwenda Dar kaa dirishani upande wa kushoto kwa kule treni inakoelekea, ukipanda kutoka Dar kaa kulia, kwa sababu milima yote iko upande huo. Ukitoka Arusha mlima Meru unabaki nyuma, mbele unaanza kumuona Kibo na Mawenzi, vile vilele vya Kilimanjaro, kama mawingu yameamua kutoka, na jioni mara nyingi yanatoka. Ukishapita Moshi kuna Kahe, pale ndipo inapochepuka ile reli ya kwenda Taveta mpaka Voi ambayo Waingereza waliiunga wakati wa vita, halafu unaingia Upareni, Same, Makanya, Hedaru, milima inakusindikiza pembeni muda wote, ikiisha ya Upare inakuja ya Usambara hadi Mombo na Korogwe kwenye mkonge. Ukiwa unashuka kwenda Dar kipande kikubwa cha hayo kinaangukia usiku, ndo maana mimi napenda zaidi kupanda kutoka Dar, unaamka kumepambazuka upo Upareni na hewa imeshabadilika.

Daraja la tatu ni bei ndogo ila msimu wa watu wengi kulala ni shida. Daraja la pili kukaa linatosha kabisa kama mgongo wako bado mzima, la kulala chukua kama unataka kunyooka, chumba mnachangia. Mimi kama mdada sijawahi kujuta kuwa peke yangu, ila hela na simu vinakaa mwilini sio kwenye begi, na nyumbani kuna mtu mmoja anajua nipo treni gani. Mwezi wa 12 usijaribu kukata tiketi dakika za mwisho, Wachaga wote wanarudi nyumbani, hiyo sio safari ya kutuliza akili.

Sasa kuhusu upweke, maana ndo kinachowatisha wengi. Ukisafiri na rafiki mtaongea nyie wawili mpaka Ruvu kule karibu na Dar, ukiwa peke yako wenzako ndo wanakuanza. Kuna safari nilikaa na mama mmoja wa Korogwe, nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona peke yako, una msiba? Nikamwambia hapana mama natembea tu. Akaniangalia wee, akafungua kikapu akatoa machungwa, akawa anamenya kwa kisu kidogo ganda lote linatoka refu bila kukatika, analiweka mapajani kwenye khanga, chungwa ananipa mimi. Tukaongea mpaka akasinzia katikati ya sentensi. Kwenye basi mtu wa siti ya pili unamjua kiwiko tu.

Halafu treni itasimama. Mara inapishana na ya mizigo, mara imesimama tu kwenye kituo chenye taa moja na hakuna anayekwambia kwanini. Hapo ndipo wengi wanaanza kukunja sura na kupiga simu, wewe usiangalie saa. Shuka kama wengine wanashuka, nyoosha miguu ila usiende mbali na behewa lako, nunua chai kama ipo. Yale masimamo ndo mimi nayakumbuka kuliko hata milima, injini imetulia unasikia vyura na watoto wanaulizana tumefika wapi. Ndo maana nasema usipange kikao wala harusi siku ya kufika, hata miadi ya saluni usiweke, siku ile iache tupu kabisa.

Cha kubeba: maji mengi, mayai ya kuchemsha na ndizi hata kama behewa la chakula lipo, sweta maana usiku dirishani kunapiga baridi, kitambulisho, tishu, na pawabenki. Filamu usidownload, na kuna sehemu mtandao unakata kabisa, huo nao usiufukuzie.

Kama bado moyo unasita anza na Arusha hadi Moshi tu. Inapita chini kule Usa, Kikuletwa, Rundugai, mashamba na vijiji ambavyo ukiwa kwenye lami huvioni kabisa, halafu ukishuka Moshi unarudi zako na kosta. Siku za treni huwa zinabadilika kwahiyo pitia pale stesheni uulize kabisa wiki hii inaondoka lini.