Sefti ya Glock iko wapi?

SWALI: Nafanya biashara ya samaki hapa Malindi na nina cheti halali cha bastola. Alfajiri natoka na pesa taslimu, Glock yangu nimeichomeka kiunoni ndani ya kikoi, risasi ikiwa chemba, pale nyuma ya mtutu, ili iwe tayari. Kitufe cha sefti, kile cha kuizuia isifyatuke, sikioni popote. Fundi mmoja ameniambia atanilainishia triga. Je, niko salama?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Itoe hiyo bastola kikoini leo hii.

Sefti huioni kwa sababu haiko ubavuni kama ilivyo kwenye Ceska nyingi. Glock ina sefti tatu, zote za kujiendesha, na zote huachia triga inapovutwa. Itazame triga yenyewe: katikati ina kijiulimi chembamba. Kikibonyezwa, triga ikavutwa kwa uzito wa kilo 2.5 hivi, risasi imetoka. Sefti hizo zinakukinga bastola ikianguka sakafuni. Kama kilichovuta ni kidole chako, fundo la kikoi au pindo la shati, hazijui.

Hapa ndipo watu wanaponichosha. Watauliza habari za chemba, watauliza risasi gani bora, na ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, hawaitaji hata kwa jina. Kwa bastola ya namna hii, ala ndiyo sefti yako.

Mzee mmoja aliniletea ala ya ngozi aliyoivaa miaka mingi, imelainika kwa jasho. Mdomo wake ulikuwa umejikunja kwa ndani. Nikaikagua bastola mara mbili kwamba ni tupu, nikaikoki, nikaiingiza taratibu mbele yake. Lile kunjo la ngozi likapenya hadi kwenye triga, tukasikia "ta!" Mzee akanyamaza, akajishika paja. Bastola iliyochomekwa kiunoni kwa mbele huelekea kinena na mshipa mkubwa wa damu wa paja, na mshipa huo ukikatika mtu aweza kufa kwa dakika chache.

Tafuta ala ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako, inayofunika triga yote, uivae kwenye mkanda imara. Kikoi kipite juu yake. Mpaka uipate, na ufanye mazoezi ya kutosha na bastola tupu, chemba ibaki bila risasi. Kuirudisha bastola kwenye ala ndiko kunakojeruhi wengi, kwa hiyo usiharakishe: kidole kinyooke ubavuni mwa bastola, shati livutwe kando, macho yatazame mdomo wa ala. Na kwa chumvi ya upepo wetu, ipanguse kwa mafuta kila jioni, wala isilale ndani ya ngozi.

Huyo fundi mkimbie. Hawa husaga kwa tupa chuma kinachozuia pini inayogonga risasi, au hukata springi. Chuma kikilika, bastola yaweza kulia yenyewe ikidondoka. Springi ikilegea, siku unayoihitaji pini itagonga na risasi isilipuke. Wanachezea roho za watu kwa shilingi chache, na bado wateja wanawapangia foleni.

Wenzao ni wauzaji wa ala za nailoni zinazoingia bastola yoyote. Nyote mliozinunua, ondoeni magazini na risasi, kagueni chemba kwa jicho na kwa kidole, ingizeni bastola, kisha bonyezeni kwa nje penye triga. Kidole gumba kikiisikia triga, ala hiyo ikateni kwa kisu, asije mwingine akaiokota.