Mama anaacha dawa za presha kila akijisikia nafuu, nifanyeje?

Pole sana dada angu, hilo la mama kuacha vidonge akijisikia vizuri limenitesa na mimi kwa mzee wangu hapa Tandika. Shida presha haiumi, mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110, ambayo ni juu sana, na bado anaenda sokoni kama kawaida, kwahiyo kujisikia vizuri sio kupona. Mwambie kwa upole, usimgombeze. Halafu muulize kama kuna kitu dawa inamfanya, maana mzee kumbe alikuwa anaficha, dawa yake ya presha, amlodipine, ilimvimbisha miguu akawa anairuka kimyakimya, tuliporudi kliniki daktari akambadilishia na tangu hapo hasumbui kabisa. Kama anatumia ile ya kukojoza anywe asubuhi, akinywa jioni atakesha chooni na ataichukia. Sisi vidonge tunaviweka pale pale kwenye mswaki na mjukuu ndo anamkumbusha, vikibaki vya wiki moja tunanunua vingine. Akisahau asimeze viwili kwa mpigo. Na mkiweza nunueni mashine ya kupimia nyumbani, mzee akiona namba zake mwenyewe anaamini kuliko maneno yetu sote.