Taja nanogramu kwanza, rangi baadaye

Shikamoo mwalimu. Rangi gani ni bora kwa protini kidogo kwenye jeli ya elektroforesisi (inayotenganisha protini kwa umeme)? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba. Kidogo kiasi gani? Swali hili huletwa kila mara bila namba, na bila namba halijibiki. Bendi (mstari wa protini moja kwenye jeli) ya nanogramu 100, yaani mabilioni ya gramu, unaiona kwa Coomassie R-250, rangi ya bluu ya kawaida. Ikiwa kama 10, tumia Coomassie G-250 ya koloidi, yaani yenye chembechembe ndogo zinazoelea. Rangi ya fedha (inayotumia chumvi ya madini ya fedha) ingoje nanogramu 1 au pungufu. Pima sampuli kwa Bradford, kipimo cha kiasi cha protini, kabla ya kuipakia.

Natumia G-250, lakini jeli nzima ni bluu na bendi hazionekani vizuri. (Bagamoyo)

Umeiacha SDS, sabuni inayotumika kuendesha protini, ndani ya jeli. Isuuze kwa maji yaliyokenekwa mara tatu, dakika 10 kila mara, ukiitikisa taratibu. Halafu tazama ulivyochanganya rangi, maana wengi huharibu hapa. Kwa lita moja: yeyusha gramu 50 za aluminiamu salfeti kwenye maji, tia mililita 100 za ethanoli, kisha gramu 0.2 za G-250. Rangi ikishayeyuka kabisa, ndipo utie mililita 23.5 za asidi ya fosforiki ya asilimia 85, na ujazie maji. Asidi iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayokamilisha chembechembe za koloidi. Usichuje! Ukichuja umezitupa chembe zenyewe. Tikisa chupa kabla ya kumimina, acha jeli humo saa 2 au hadi kesho yake.

Jeli yangu ya fedha imekuwa kahawia yote, na kuna mistari miwili imekatiza hata njia zisizo na sampuli. Nilisuuza kwa maji ya bomba. (Tanga)

Maji ya bomba yana kloridi, nayo hugandisha fedha. Ukiona ukungu mweupe kwenye trei, mwaga. Maji ya visima vya pwani ni mabaya zaidi. Mistari hiyo, ikiwa kati ya kilodalton 50 na 70 (kipimo cha uzito wa protini), ni keratini, protini ya ngozi na nywele zako: vaa glavu, tengeneza bafa mpya (mchanganyiko wa kutia sampuli). Tena, joto la mchana hapa huharakisha rangi. Usiondoke kwenye trei. Bendi zikitokea tu, mimina asidi ya asetiki ya asilimia 5. Formalini, inayoitoa rangi ya fedha, itumie penye hewa, si chumba kilichofungwa madirisha.

Bendi ya fedha naweza kuipeleka kwenye spektrometa ya masi, mashine ya kutambua protini?

Ndiyo, kama hukutia glutaraldehaidi wakati wa kupaka rangi. Hiyo huzifunga protini pamoja.

Bendi nyeusi zaidi ndiyo yenye protini nyingi?

Kwa fedha, hapana. Protini nyingine huishika vibaya, na bendi iliyozidi hutoboka: kingo nyeusi, katikati njano. Ukitaka kulinganisha kiasi, rudi kwenye G-250.