Kuku wangu ametagia miibani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 5. Nikimtegea "Kuku wangu ametagia miibani", anajibu "nungunungu". Kaka yake wa miaka 9 anasema nanasi papo hapo. Shuleni nimeambiwa binti ni mzito kuelewa. Lakini juzi alimwona jirani akifungua mwavuli, akaniambia, "Mama, ua limechanua." Nishike lipi?
Mama Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Shika la mwavuli, ila hata hilo la nungunungu usilitupe.

Binti ameona miiba, akaishia hapo. Ndivyo walivyo watoto wa umri wake. Miaka ya 1980 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Dedre Gentner, alichunguza jinsi watoto wanavyoelewa mifano kama "wingu ni kama sponji". Wadogo walisema vyote ni laini. Wakubwa walisema vyote hushika maji kisha huyaachia. Mtoto huanza na sura ya kitu, ndipo baadaye huona kazi yake na uhusiano wake na vingine.

Kaka mtu anaweza kushika kuku, yai na miiba kichwani kwa pamoja, na kulizuia jibu la kwanza lisimtoke. Nguvu hiyo hukua kwa umri. Haiji kwa kukaripiwa.

Lakini nikuulize, mama: binti amewahi kuliona nanasi likiwa shambani? Kama analijua la vipande kwenye mfuko tu, miiba ataitoa wapi? Wataalamu wengine wa saikolojia, Usha Goswami na Ann Brown, walionyesha kwamba hata wa miaka 4 huweza kuoanisha mambo wanayoyajua: mkate kwa kipande cha mkate, limau kwa kipande cha limau. Mwavuli anaujua, ua analijua, ndiyo maana aliona kule kufunguka, tena bila kuulizwa na mtu. Huo si uzito.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na kuna kosa langu moja linaniuma hadi leo. Nilitega "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto mmoja akasema, "Tikiti." Nikamwambia amekosa, ni yai, nikaendelea. Wakati wa mapumziko akanifuata: "Mwalimu, watu wake weusi wamo ndani, wamekaa kwenye wekundu." Alikuwa na nyumba kamili, na wakazi wake, nami sikuwa nimemuuliza hata neno moja. Mtihani unataka jibu moja. Ubunifu ni kuyaona mengine yanayoingia mahali palepale. Mtoto anaweza kupungukiwa alama kwenye la kwanza huku la pili analo tele.

Siku mkipata nafasi, mpelekeni Kiwangwa, Bagamoyo, kwenye mashamba ya mananasi. Aguse majani yale yenye miiba, alione tunda lilivyokaa katikati. Mtegee hapohapo, na usimharakishe. Kisha mwache naye akutegee. Ukishindwa, mpe mji, halafu umwombe akueleze alivyolipata jibu lake.